Mwaka wa Kula Kando

Wanjiru alinipigia simu nikiwa sokoni Abu Hamour, nimeshika papai, nalibonyeza kuona kama limeiva. Hakuanza na utani wake, nami nikajua kabla hajasema. Da Zuhura hatunaye, akaniambia. Amefariki Unguja alfajiri na wameshamzika baada ya sala ya adhuhuri. Nililirudisha papai juu ya mengine, nikaenda kukaa garini, nikafunga vioo, nikalia. Watu wa umri wangu hapa Doha tumezoea kulia ndani ya gari, maana nyumbani kuna watoto na kazini kuna wakubwa. Nilipochoka kulia nikaendesha, nikafika nyumbani, nikashindwa kupika. Mume wangu akachemsha chai, akaniwekea mbele, akaenda kuwapikia watoto. Nilimshukuru kwa hilo.

Habari za ukoo wangu na kilichonitoa Pangani kuja huku sitazieleza; ni zile zile za kila aliyekuja, na msomaji anaweza kujijazia. Ninachotaka kusimulia ni kitu kidogo kuliko hicho. Nilikaa na Zuhura chumba kimoja miaka mingi, akaniuguza, akanitafutia mume, akanipigia vigelegele arusini mpaka sauti ikamkauka. Ningekuwa na kumbukumbu ya kiungwana ningekumbuka hayo kwanza. Lakini tangu simu ile kinachonijia ni mwaka mmoja tu, mwaka alioninyima sinia, na kila nikijaribu kumuwaza akicheka namwona amenipa mgongo, anakula.

Chumba chetu kilikuwa mtaa wa Najma, juu ya duka la mafundi cherahani, na mchana kutwa sakafu ilitetemeka chini ya miguu yetu kwa mashine zao. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu hivi kwamba ungeweza kumpa mtu chumvi bila kunyoosha mkono sana. Tulikuwa wanawake watatu. Zuhura, mkubwa wetu, alikuwa anapiga pasi kwenye dobi mtaa wa pili. Mikono yake ilinukia wanga na mvuke hata siku za mapumziko. Wanjiru alikuwa mlinzi kwenye duka kubwa, Mkikuyu wa Nyeri, ameokoka, mrefu kuliko kitanda chake. Mimi nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja huko Al Sadd. Kila mtu alikuwa na kitanda chake na mambo yake, na Zuhura hakuuliza ya mtu, ila chakula kilikuwa kimoja. Alikuja na sinia la bati kutoka kwao, pana, limebonyea upande mmoja, na mchana wa Ijumaa, tulipoweza kukutana sote, alilitua juu ya mkeka likiwa na wali wa nazi katikati, mchuzi umemwagiwa, samaki kamegewa kila mtu upande wake. Chakula cha sahani sahani, alikuwa akisema, ni cha hospitali. Wanjiru mwanzoni alikuwa anaomba kijiko. Baadaye alijifunza kuufinyanga wali kwa vidole vizuri kuliko mimi.

Hoteli yetu ilikuwa na mkahawa wa Kitaliano, na msimamizi wake alikuwa Mtaliano kweli, mwanamke anaitwa Elena. Kwao, kwenye vilima vya kaskazini, ni watu wa mvinyo. Babu alianzisha, baba akarithi, na mvinyo mwekundu tuliouza pale ulikuwa wa kwao: zabibu zinavunwa kwa mkono, maji yake yanachachuka pamoja na maganda, kisha yanalazwa miaka ndani ya mapipa makubwa ya mbao yaliyozaliwa kabla ya Elena. Kila chupa ilikuwa na picha ndogo ya mlango wa nyumba yao. Mimi wakati huo kazi yangu ilikuwa mkate na mafuta ya zeituni. Niliomba hivyo nilipoajiriwa, kwa sababu ya dini yangu, na Elena hakubisha. Nilipita na kikapu changu meza hadi meza, na mvinyo ulikuwa mambo ya wengine.

Kilichonitoa kwenye mkate ni neno moja. Mgeni mmoja wa Kiingereza, suti yake nzuri, sauti ya chini, alinisimamisha akaniambia anataka mvinyo mwekundu mkavu. Sasa sisi kwetu chai kavu ni chai isiyo na kitafunio, wala sikujua kwamba duniani kuna ukavu mwingine wa kinywaji. Nikamwambia anayemimina kwamba meza ile wanataka mwekundu, kisha mimi kwa adabu zote nikaondoa mkate, nikaondoa zeituni, nikaondoa na jibini aliyokuwa ameshaanza kuila. Yule mgeni alinitazama. Nilipomuona anafuata jibini kwa macho nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, kwamba nimetimiza alivyosema, nimemwachia mvinyo peke yake. Watu wa meza ya pili walisikia wakaanza kucheka, na Elena akaniita stoo.

Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio na nilidhani narudishwa kwetu. Elena akanieleza kwamba kavu maana yake hauna sukari. Nikamuuliza kwa nini basi wasiseme hauna sukari. Akauliza kwetu maana yake nini, nikamwambia, naye akacheka mpaka akashika rafu. Halafu akampigia simu baba yake kumhadithia, na huko alikokuwa yule mzee akaongea, akaongea, na Elena akaacha kucheka. Alipokata simu alinigeukia. Baba yake, akaniambia, amesema kwamba tangu aanze kuuza mvinyo nje hajasikia mtu aliyeuelewa kama mimi. Kwamba mvinyo wao haukutengenezwa kunywewa mkavu wa namna yangu, na mtu anayekunywa bila chakula yeye anamwonea huruma. Haikupita wiki Elena akaniuliza kama ningependa kujifunza kuhudumia mvinyo. Nikamuuliza kama ni lazima kuonja. Akasema hapana, kunusa na kumimina tu. Sikulazimishwa, na naliandika hili kwa sababu baadaye Wanjiru alikuwa akinitetea kwa kusema sponsa, mdhamini wangu wa viza, alinishurutisha. Nilikubali kwa sababu nilitaka. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kikapu, na nilipenda, napenda mpaka leo, kujua kitu kutoka mwanzo wake.

Nilijifunza haraka. Mvinyo wao ulikuwa na jambo ambalo wageni wengi hawakulipenda: ulikausha ulimi na kukwaruza meno. Elena alihangaika kunifafanulia kwa maneno ya kitaalamu, nami nikamwambia usihangaike, sisi hiyo tunaiita ukakasi, kila mtoto wa pwani aliyekula mabibo au zambarau changa anaujua. Akalipenda neno, akawa analitamka ukakazi, na jikoni likashika mpaka wapishi wa Kihindi wakawa wanalitumia kwa chai iliyochemka mno. Wageni niliwaambia waanze kwa nyama, wale mafuta kidogo, ndipo wanywe, na wengi wakaniamini. Nikiwa napanga chupa stoo nilimsikia Elena akigombana na baba yake kwenye simu. Kitaliano nilikuwa sikijui, lakini ugomvi wa mtoto na mzazi unajulikana kwa kupanda na kushuka kwake, na mwenyewe alinieleza baadaye: yeye anataka watengeneze mvinyo mlaini, unaoteremka, dunia ndiyo inautaka, mzee anasema ukakasi ndio unaomkumbusha mtu atafute chakula na wa kula naye, na akiuondoa atakuwa ameuza nyumba.

Zuhura sikumficha. Nilimwambia Ijumaa ile ile ya kwanza, tukiwa tunanawa. Hakupandisha sauti. Alinihesabia wote wanaotajwa katika laana ya kilevi, anayekunywa na anayemimina na anayebeba na anayebebewa, kama mtu anayekuhesabia nguo alizokuletea, kisha akaniuliza kama nitaacha. Nikasema mimi sinywi, Da Zuhura, na pale nilipo naheshimiwa. Akasema hakuniuliza kama nakunywa. Nikaendelea kunawa. Akainuka, akaenda kule jikoni kwetu kwenye ujia, akarudi na sahani ya plastiki ya kijani, akanipakulia upande wangu wote wa sinia, samaki na kila kitu, tena akaongeza. Akaiweka juu ya kitanda changu. Halafu akaketi na Wanjiru wakaanza kula.

Ndivyo tulivyokaa. Nataka ieleweke kwamba hakuwahi kunitukana wala kunichongea kwa mtu. Nikiumwa alinipikia uji, nguo zangu alizipiga pasi, hata kile kizibao cheusi cha kumiminia mvinyo alikinyoosha mikunjo yote akakitundika mlangoni. Alinipakulia vinono kuliko anavyojipakulia mwenyewe. Ila mkono wake na wangu haikukutana tena kwenye chakula. Mkristo alikula sinia moja na Zuhura, mimi Muislamu nikala kitandani, magoti yamebana sahani, na katikati ya chumba mgongo wake. Wanjiru jambo hili lilimchoma kuliko lilivyomchekesha, na alichekeshwa nalo sana. Aliwahi kumwambia mbele yangu: "Da Zuhu, huyu si ako na dini yako? Mimi ndio nilifaa kukalishwa kwa bed." Zuhura akamjibu kwamba yeye Wanjiru ana njia yake na Mungu wake atamuuliza kwa njia hiyo, huyu ni wangu, akasema, na wangu naulizwa mimi.

Maneno hayo yalinikera mwaka mzima. Nilikuwa na hasira, lazima niseme, hasira ya mtu anayepewa samaki mkubwa kuliko wote na hawezi kulalamika. Nilimuona mkaidi. Nilijiambia nitahama, nikaenda hata kutazama chumba kingine, kikubwa, chenye dirisha la jua, nikasimama katikati yake nikajiuliza nitakula na nani, nikarudi. Leo nikilifikiri naona kwamba alikuwa anateseka yeye zaidi. Mimi nilikuwa na kazi ninayoipenda na hasira yangu ya kunipa joto. Yeye alikuwa na sinia la watu watatu linaloliwa na wawili, na alipika kipimo kile kile.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia wakati joto linapovunjika. Hoteli zilifunga mvinyo mwezi mzima, kama ilivyo desturi, na mimi nikarudi kwenye mkate na tende. Nilitegemea, sikumwambia mtu lakini nilitegemea sana, kwamba mwezi huu nitaitwa kwenye sinia. Hotelini nilikuwa sishiki chupa, nyumbani nafunga kama yeye, tungefuturu pamoja uji wa mchele na mihogo ya nazi na vitumbua, kungekuwa na neno gani tena. Siku ya kwanza adhana ikalia, akanipa tende mkononi, akanimiminia uji, akaniwekea futari yangu kwenye sahani ya kijani. Nilifuturu na machozi. Yeye aliona, na mkono wake ulisimama kidogo juu ya bakuli, kisha ukaendelea.

Mwezi ukiwa katikati baba yake Elena akaja. Mzee Attilio, mfupi, mikono mikubwa yenye weusi usiotoka kwenye mikunjo ya vidole. Alikuwa amemaliza mavuno akaamua kumshtukiza binti yake, na hakuna aliyemwambia kwamba mvinyo wake mwezi huu umefungiwa kwa kufuli. Nilidhani atachukia. Aliangalia kabati lililofungwa, akaangalia meza ndefu tulizozitandika kwa futari, familia zinaingia, watu wanasubiri pamoja jua lizame, mikono yao juu ya mapaja, akasema kitu na Elena akanitafsiria: anasema hapa ndipo angetaka mvinyo wake unywewe, na ndipo hauwezi. Akaniulizia. Alitaka kumwona msichana wa mvinyo mkavu.

Tulikaa watatu jikoni kabla ya magharibi, mzee hali wala hanywi kwa sababu mimi nimefunga, ingawa nilimwambia asijali. Akaniuliza nikifuturu nakula na nani. Ningeweza kumjibu lolote. Nilimwambia kweli: nakula peke yangu katika chumba cha watu watatu, na sababu ni mvinyo wako. Elena alisita kutafsiri, nikamwambia mwambie. Mzee akasikiliza, akauliza huyo dada ni mtu mbaya? Nikasema hapana, hajawahi kunikosea kwa lingine. Akauliza na wewe unajiona umekosea? Nikasema hapana. Basi akatuambia habari ambayo nadhani hata Elena hakuwahi kuisikia hadi mwisho wake. Alikuwa na ndugu yake, wanafanya kazi pamoja, ndugu akataka kuyatoa mapipa makubwa ya baba yao walete madogo mapya, mvinyo uwe mlaini na utoke mapema. Attilio akakataa. Ndugu akaacha kula meza ya nyumbani. Waliishi ua mmoja, majiko mawili, watoto wakipita na sahani katikati, hadi ndugu alipougua.

"Tulikuwa na haki sote wawili," akasema, na Elena akatafsiri polepole. "Yeye ameenda nayo yake kaburini. Mimi yangu ninayo. Ndiyo ninayokula nayo kila siku."

Elena alitoka nje kidogo. Mzee akafungua begi lake akanitolea chupa fupi, nyeusi, akanieleza kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza kwamba hii haijawahi kuwa mvinyo: ni maji ya zabibu yaliyochemshwa siku ile ile yalipokamuliwa, kabla hayajachachuka, yamekaa motoni mpaka yakawa mazito kama asali. Mama yake alikuwa akiwapakia kwenye mkate. Akasema mpelekee dada.

Jioni ile Elena aliniruhusu niondoke mapema, nikafika Najma adhana inakaribia, nikaitua chupa mkekani, nikaeleza ni nini na imetoka wapi. Zuhura aliifungua akainusa kwa muda mrefu, akaitikisa, akainusa tena, akasema inafanana na ile dibsi ya Waarabu wanayoipika kwa tende. Wanjiru akajitolea kuonja kwanza, kwa sababu yeye hafungi, na pia akiona kizunguzungu atatujulisha. Akaonja. Akasema haina kitu, ni tamu, na ina kauchachu kwa nyuma. Adhana ikalia. Zuhura akamwagia vitumbua, akala, akasema mashallah, nimpelekee mzee salamu zake na Mungu amjaalie. Mimi nikasogea mkekani. Akanizuia kwa kiganja, kwa upole kabisa, akasema kitu hiki ni halali na hana neno nacho, ila neno lake na mimi halikuwa la kitu hiki. Akanipa vitumbua vyangu kwenye sahani.

Sijui kwa nini sikuinuka nikaondoka. Nilikaa kitandani na sahani yangu nikaanza kuwasimulia habari za mzee na ndugu yake, na nadhani nilikuwa namsimulia Wanjiru zaidi, maana ndiye aliyenigeukia. Nilieleza ua mmoja na majiko mawili na watoto wanaopita na sahani. Nilieleza alivyosema kuhusu haki. Zuhura hakugeuka. Alikuwa anakunywa uji, na aliendelea kunywa, na bakuli lilipokwisha akakaa nalo mkononi. Wanjiru akasema woi, wazee. Tukaosha vyombo.

Mfungo ukaisha, Idi ikapita, kabati la mvinyo likafunguliwa. Mzee Attilio alirudi kwao, na mimi nikarudi kwenye kizibao changu. Ijumaa ya kwanza baada ya hapo mchana ule tulikuwa na wageni wengi, nikachelewa kutoka. Nilimimina mvinyo meza baada ya meza. Mikono yangu ilinuka. Nilipanda ngazi za Najma nikijua kwamba saa ya chakula imepita zamani, wameshakula, sahani ya kijani imefunikwa kitandani kwangu kwa kawa, nami nilikuwa nimeshaichoka hata sura ya ile kawa.

Nikafungua mlango. Kitandani kwangu hapakuwa na kitu. Wanjiru alikuwa amejilaza, mkono juu ya tumbo, akanitazama kwa jicho la mtu mwenye njaa. Zuhura alikuwa amekaa mkekani mbele ya sinia, amenielekea mlangoni. Wali ulikuwa mzima, haujaguswa upande wowote, na samaki wamekatwa mafungu matatu.

"Sijakuhalalishia," akaniambia. "Unanisikia, Hawa? Sijakuhalalishia na wala sitakuhalalishia. Ila nimechoka kula nimekupa mgongo."

Akanionyesha birika kwa kidevu. Nikanawa mikono hadi viwikoni, nikakaa. Wali ulikuwa umepoa kwa kunisubiri.